Gari linachemsha lini? Swali linalotangulia spana

Kwa miezi mitano gari langu lilichemsha kila nilipopanda mlima mrefu, na katika miezi hiyo niliingia gharama kwa vitu vitatu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kwanza kilibadilishwa kifuniko cha rejeta, kisha swichi ya feni, na mwishowe fundi wa gereji niliyokuwa nikiitegemea akaitoa themostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda rejeta injini inapopata moto, na kuitupa, akaniambia kwamba sasa maji yatapita bila kizuizi na tatizo litakwisha. Halikwisha. Mshale wa joto uliendelea kupanda pale pale ulipozoea kupanda, katikati ya mwinuko, gari likiwa katika gia ya tatu na limebeba watu wanne, na uliendelea kushuka pale pale ulipozoea kushuka, nikishafika kwenye tambarare. Jibu lilikuwa ndani ya maelezo hayo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikujua kwamba ni jambo la kumweleza fundi.

Ndiyo maana naandika kuhusu swali hilo moja: gari linachemsha lini? Anayelijibu kwa ukamilifu kabla ya kufungua boneti huwa ameshayaondoa zaidi ya nusu ya mambo yanayoshukiwa, kwa sababu kila kosa katika mfumo wa kupoza injini lina wakati wake wa kujitokeza.

Tuanze na kazi yenyewe ya mfumo huo. Kwa makadirio ya kawaida, katika nishati yote iliyomo kwenye petroli, theluthi moja hivi hugeuka kuwa mwendo, theluthi nyingine hutoka na moshi kupitia bomba la ekzosi, na karibu theluthi iliyobaki huingia katika chuma cha injini na ni lazima iondolewe. Gesi inayowaka ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kifupi, ilhali alumini, ambayo ndiyo inayotumika kutengenezea silinda hedi (sehemu inayofunika silinda kwa juu) ya magari mengi ya leo, huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Kinachoiokoa ni maji yanayozunguka: pampu huyasukuma ndani ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, yakapanda kwenye silinda hedi, yakapita kwenye themostati ikiwa imefunguka, yakaingia rejeta kwa mpira wa juu, yakapozwa na hewa, kisha yakarudi kwenye pampu kwa mpira wa chini. Kwa hiyo injini huchemsha kwa sababu chache tu zinazoweza kuhesabika: maji yamepungua, au maji yapo lakini hayatembei, au yanatembea lakini hewa haiyapozi, au, mara chache zaidi, injini yenyewe inazalisha joto kupita kiasi, kwa mfano pale breki zinapong'ang'ania, mpangilio wa cheche unapochelewa au ekzosi inapoziba kwa ndani.

Kabla sijaendelea, kuna onyo ambalo nalirudia kwa kila mtu. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Kifuniko hicho kimetengenezwa ili kizuie shinikizo la karibu baa moja, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji matupu yachemke kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Maana yake ni kwamba ndani ya rejeta kunaweza kuwa na maji ya nyuzi 110 yaliyotulia kimya, na ukilegeza kifuniko shinikizo huanguka, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Zima injini, subiri angalau nusu saa, bonyeza mpira wa juu kwa kitambaa kinene, na ikiwa bado ni mgumu, endelea kusubiri. Wala usiimwagie injini ya moto maji baridi, kwa nje au kwa ndani, kwa sababu chuma kilichopanuka kikipozwa ghafla upande mmoja hupinda au hupasuka.

Sasa turudi kwenye swali. Gari linalochemsha likiwa limesimama au likitambaa kwenye msongamano, lakini likitulia mara tu linapopata mwendo, lina tatizo la hewa. Likikimbia, upepo wa barabara hupenya rejeta wenyewe. Likisimama, hutegemea feni peke yake. Washa kiyoyozi huku injini ikiunguruma, na katika magari mengi yenye feni ya umeme feni hiyo inapaswa kuanza kuzunguka mara moja au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, fuata njia ya umeme kwa utaratibu: fyuzi, kisha rilei, kisha plagi ya feni, na mwisho iunganishe mota moja kwa moja na betri ili ujue kama yenyewe ni nzima. Lakini kuzunguka peke yake hakutoshi. Feni iliyofungwa upya kwa kugeuza nyaya huzunguka kinyumenyume, ikashindana na upepo wa barabara. Kipande cha karatasi kikishikwa mbele ya rejeta kitakuonyesha kama kinavutwa ndani au kinasukumwa nje. Kwa magari ambayo feni yake huendeshwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito, zima injini ikiwa ya moto na uizungushe feni kwa mkono: ikizunguka kwa ulaini mara nyingi bila kukinzana, klachi hiyo imekufa. Tazama pia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo majani, wadudu na matope hujikusanya bila kuonekana kutoka mbele wala kutoka nyuma. Na lile kava la plastiki linaloizunguka feni lisiachwe pembeni, kwa kuwa ndilo linaloifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima badala ya kuvuta hewa iliyo jirani nayo tu.

Gari linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi lina habari nyingine kabisa. Hapo hewa haihusiki, kwa sababu injini haijapata hata muda wa kuihitaji. Huenda themostati imekwama ikiwa imefunga, na dalili yake ni kwamba mpira wa juu unabaki baridi ilhali mshale umeshapanda. Huenda upepo umenaswa ndani ya mfumo baada ya matengenezo. Au, na hili ndilo linalotisha zaidi, gesi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji kupitia gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya bloku na hedi.

Themostati inapimika jikoni. Namba ya nyuzi, kwa mfano 82 au 88, hugongwa juu yake. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto polepole, na uangalie inapoanza kufunguka na kama inafunguka kwa ukamilifu joto likipanda nyuzi 10 hadi 15 zaidi. Kipimo hiki huchukua robo saa. Pamoja na wepesi wake, mafundi wengi huona ni rahisi zaidi kuitoa na kuitupa, na hapa napingana nao waziwazi. Injini isiyo na themostati hukaa baridi mno kwenye mwendo wa kawaida, kompyuta yake huendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na silinda huchakaa haraka. Zaidi ya hayo, katika injini nyingine themostati ina kazi ya pili: inapofungua njia ya rejeta huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kamwe. Kwa magari ya namna hiyo, dawa hiyo ya kienyeji huongeza ugonjwa.

Kuhusu gasketi nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayohukumiwa bila ushahidi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na hukumu hiyo ni ghali. Watu hutazama chini ya kifuniko cha mafuta ya injini, wakiona ute mweupe kama maziwa wanasema maji yameingia kwenye mafuta. Yawezekana. Lakini gari linaloendeshwa safari fupi fupi katika hali ya baridi hufanya ute huo kutokana na unyevu wa hewa tu, kwa hiyo tazama kijiti cha kupimia mafuta, na kama mafuta yaliyo chini ni safi, usikimbilie kuifungua injini. Ushahidi wenye uzito ni huu: mipira ya rejeta kuwa migumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, kabla ya joto lolote la kujenga shinikizo, mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta huku injini ikinguruma, moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea kutoka hata injini ikishapata moto, na plagi moja ya cheche kutoka ikiwa imeoshwa safi isivyo kawaida ikilinganishwa na wenzake. Ukitaka uhakika zaidi, kipo kifaa chenye kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Ikiwa hewa hiyo ina gesi ya silinda, buluu hugeuka njano. Nimeona kipimo hiki kikiiokoa injini isifunguliwe bure, na nimekiona pia kikimthibitishia mwenye gari jambo alilokuwa akilikataa.

Hata gasketi ikithibitika kuungua, kazi haijaisha, maana mara nyingi gasketi huungua kwa sababu injini ilichemsha kwanza. Alumini ikipashwa moto kupita kiasi hupinda, na silinda hedi iliyopinda kwa sehemu ya kumi ya milimita tu inatosha kuifanya gasketi mpya isishike. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na geji za unene, isawazishwe kwa mashine ikihitajika, kisha swali la awali liulizwe upya: ni nini kilichoichemsha mara ya kwanza? Nawajua watu waliobadilisha gasketi mara mbili huku feni ileile mbovu ikiendelea kukaa mbele ya injini.

Maji yanayopungua bila kuonekana yanapopita nayo yana utaratibu wake. Pima kiwango injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, na uandike. Kisha tumia pampu ya mkono ya kupimia shinikizo, ambayo hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Pandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, na usubiri robo saa. Mshale ukishuka, pana tundu. Tafuta alama nyeupe au za rangi zilizokauka kwenye maungio ya mipira, tazama kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ambacho hutoa maji pale sili yake inapochakaa, na uguse zulia la upande wa abiria, kwa sababu kirejeta kidogo cha hita kilicho ndani ya dashibodi nacho hutoboka, na dalili yake ni ukungu wa mafuta mafuta kwenye kioo cha mbele pamoja na ile harufu tamu. Kifuniko chenyewe kina vali mbili: moja huzuia shinikizo, nyingine huyaruhusu maji yarudi kutoka kwenye tangi la akiba injini inapopoa. Hiyo ya pili ikikwama, asubuhi utaukuta mpira wa juu umebonyea kama umenyonywa, na tangi la akiba limejaa ilhali rejeta imepungukiwa.

Nisisitize pia kwamba mshale wa dashibodi haustahili kuaminiwa kama kipimajoto. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mshale umepangwa usimame katikati kwa upana mkubwa wa joto, mara nyingi kuanzia nyuzi 80 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asipate wasiwasi kwa mabadiliko madogo. Unapoanza kusogea, mambo yameshaharibika. Jambo baya zaidi ni pale maji yanapokuwa yamekwisha kabisa: sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa badala ya kuzama ndani ya maji, mshale ukashuka, na dereva akafurahi kwamba gari limepoa wakati ndani chuma kinaungua. Hita inayopuliza hewa baridi ghafla wakati injini ina moto ni onyo la kweli kuliko mshale huo. Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari huonyesha nyuzi halisi zinazosomwa na sensa, na ndicho nilichoanza nacho nilipoamua kulichunguza gari langu mwenyewe.

Gari langu lilikuwa la kundi ambalo bado sijalieleza, lile linalochemsha kwenye mwendo mkubwa au kwenye mlima, na kutulia kwenye msongamano. Feni haiwezi kulaumiwa hapo, na kwa hiyo ile swichi ya feni niliyonunulishwa haikuwa na nafasi yoyote katika kisa hiki. Injini yenye mzigo hutoa joto jingi, na ama maji hayaendi haraka ya kutosha kulibeba, ama rejeta haiwezi kulitoa. Wanaoshukiwa ni watatu: mirija ya rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaobonyea kwa kunyonywa na pampu mizunguko inapoongezeka, na pampu yenyewe.

Nilipanda mlima ule na mwenzangu akisoma kifaa. Tulipofika nyuzi 112 niliegesha pembeni bila kuzima injini, yeye akashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, nami nikapima kwa kipimajoto cha miale, nikilenga mipira na si alumini inayong'aa, kwa kuwa chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho kikasoma chini ya ukweli. Mpira wa juu ulisoma 104. Wa chini ulisoma 58. Nilirudia mara tatu. Mzunguko ukiwa mzima tofauti ya pande hizo mbili huwa ndogo, aghalabu nyuzi 10 au zaidi kidogo, kwa sababu maji hupita kwa kasi na hayapati muda wa kupoa sana. Tofauti ya nyuzi 46 ilimaanisha kwamba rejeta ilikuwa ikiyapoza maji vizuri mno, lakini maji yenyewe yalikuwa yakipita kwa uchache. Mpira wa chini ulikuwa imara, haukubonyea. Nikaipitishia kipimajoto sura nzima ya rejeta, nikaona joto likishuka kwa usawa kutoka juu hadi chini bila mabaka ya baridi, ambayo ndiyo alama ya mirija iliyoziba.

Hapo ndipo kosa la kuondolewa themostati liligeuka kuwa ushahidi, kwani haikuwepo tena ya kulaumiwa. Nilishusha rejeta, nikaiingizia maji ya bomba kwa juu, yakatoka chini kwa wingi uleule. Ikabaki pampu, ambayo haikuwa ikivuja, haikuwa na kelele, beringi yake haikucheza, na mkanda wake ulikuwa umekazwa sawasawa. Kwa macho ya nje ilikuwa nzima kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna fundi aliyewahi kuitaja. Tulipoifungua tulikuta mapanga yake ya chuma yameliwa na kutu hadi yamebaki vishina vifupi. Kwenye tambarare vishina vile viliweza kusukuma maji ya kutosha; mlimani havikuweza.

Aliyeyala mapanga yale ni mimi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikijaza maji ya bomba matupu, nikiamini kwamba kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini, ni kwa ajili ya nchi zenye barafu. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na ethilini glikoli hauwi barafu hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini huo ni upande mmoja tu wa kazi yake. Mchanganyiko huo huo, chini ya kifuniko cha baa moja, huchemka kwenye nyuzi 129 hivi, na ndani yake mna dawa za kuzuia kutu ambazo ndizo zilizokosekana kwenye pampu yangu. Dawa hizo huchakaa, ndiyo maana kulanti hubadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji wa gari hata kama rangi yake bado inapendeza, na aina moja haichanganywi na nyingine kwa kuangalia rangi tu. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na wanyama huvutiwa nayo. Ikimwagika ioshwe papo hapo, na iliyotolewa ihifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa.

Tulifunga pampu mpya na themostati mpya ya nyuzi 82, tukausafisha mfumo hadi maji yakatoka bila wekundu wa kutu, kisha tukajaza mchanganyiko polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, huku tukilegeza skrubu ya kutolea upepo mpaka mkondo ukatoka bila mapovu. Nilirudi kwenye mlima uleule, na watu wanne walewale. Kifaa kilisoma nyuzi 93 pale ambapo zamani kilisoma 112, mpira wa juu ulikuwa 90 na wa chini 79. Asubuhi iliyofuata kiwango kilikuwa kimeshuka kwa upana wa vidole viwili, kwa kuwa upepo uliosalia ulikuwa umepata njia ya kutoka, nikajaza. Asubuhi ya tatu hakikushuka, wala ya nne.